Umelalaje?

Hotuba kwa wanafunzi wa uuguzi na ustawi wa jamii, Kigoma mjini. Nimeiandika upya kutoka kwenye daftari langu.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Na ninyi wa ng'ambo ya ziwa, ambao nawaona mmejibanza kule nyuma karibu na mlango kama kawaida yetu, jambo sana.

Nimeombwa niseme juu ya vijana wakimbizi na afya ya akili. Kabla sijafungua daftari, kila mmoja amgeukie jirani yake amwulize: umelalaje? Haya, ulizaneni.

Basi, inatosha. Nimesikia majibu: salama, salama, salama tu. Ukumbi mzima umelala salama. Mimi sikulala. Nyumba ya wageni niliyofikia ina bati na haina dari, na saa nane za usiku mvua ilishuka kama mtu anayemwaga kokoto. Nilikaa kitandani nimeshika viatu mkononi mpaka ikapita. Lakini huyu dada hapa pembeni aliponiuliza sasa hivi, nilimjibu nini? Salama.

Kiswahili humwuliza mtu habari za usiku wake kila kunapokucha. Kirundi nacho ni hivyo hivyo: mwaramutse, neno la kwanza la siku, linauliza kama mmeuvuka usiku. Waliotuachia salamu hizi walijua kwamba usiku si jambo la kudharau. Sisi tumezigeuza kuwa kizingiti, tunaziruka haraka ili tuingie kwenye shida zetu. Nataka leo turudi pale kwenye kizingiti tukae kidogo.

Mimi nilivuka ziwa hili mwaka 1996, nikiwa na miaka tisa, kutoka upande wa Baraka, kule Kongo, ndani ya mtumbwi uliobeba watu na mbuzi wawili. Novemba ya mwaka ule ndipo kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa, kule wilayani Kasulu. Nimekulia pale, nimesomea pale, nimezalia pale. Wanangu wanaitwa wakimbizi, na hawajawahi kukimbia kitu chochote zaidi ya nyoka. Na msidhani nimefika hapa kwa kupanda basi tu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inatutaka tukae kambini, na ukitaka kutoka nje ya kilomita nne unaomba kibali. Changu ninacho mfukoni. Kinaniruhusu mpaka kesho saa kumi jioni, kwa hiyo nikizidisha muda hapa jukwaani mjue mnaniingiza matatani.

Wengi wenu ni wa hapa Kigoma, mnakumbuka mwaka 2015. Wasiokumbuka ni vijana mno, niwaeleze. Burundi ilichafuka mwezi Aprili, na mwezi Mei makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamejaa Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi ambacho mbele kina ziwa na nyuma kina mlima, barabara hakina. Kipindupindu kikaingia. MV Liemba, meli ile kongwe iliyoshushwa majini mwaka 1915, ikawa inakwenda na kurudi ikibeba kiasi cha watu 600 kwa safari. Haikuweza kutia nanga ufukweni, kwa hiyo watu walipelekwa kwa mitumbwi na maboti mpaka ubavuni mwake, wakapandishwa mmoja mmoja, kina mama na watoto mgongoni. Wakashushwa hapa, wakalazwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawaleta kwetu Nyarugusu. Sisi Wakongo tulikuwa tumeshakaa pale karibu miaka ishirini. Tukasogeana.

Katika wale waliokuja kulikuwa na kijana wa miaka kumi na minne ambaye babu yake alikimbilia Tanzania mwaka 1972, baba yake akakimbilia Tanzania mwaka 1993, na yeye akakimbilia Tanzania mwaka 2015. Familia moja, mbio tatu, njia ile ile. Nitamwita Fundi, maana siku hizi anatengeneza baiskeli. Jina lake halisi si langu kuligawa.

Nikiwa hapa mbele ya wasomi ningeweza kuanza kusema kwamba Fundi alikuwa na kiwewe. Kiwewe, yaani jeraha linalobaki akilini mwa mtu aliyepatwa na jambo la kutisha, ni neno zuri la kamusini, na mtalikuta kwenye vitabu vyenu. Lakini katika miaka yangu yote kambini sijamsikia kijana mmoja akisema "nina kiwewe". Wakongo husema: niko na mawazo mingi. Kichwa inawaka. Usingizi inakataa. Wanyarwanda, baada ya 1994, walichukua neno lao ihahamuka, la mtu aliyekatwa pumzi na hofu, wakalipa kazi hiyo. Wazimbabwe, kwa Kishona, wanasema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, jambo lile lile la "mawazo mingi", lugha mbili zisizoonana mpaka. Na Waswahili walishamaliza zamani: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Semi hiyo ina kila kitu. Nyoka hayupo. Ung'ongo upo. Mshtuko ni wa kweli.

Kwa Fundi ung'ongo ulikuwa mvua. Wale mnaoijua mvua ya Kasulu, inaanza mwezi wa kumi na moja, nayo ikipiga turubai usiku husikii hata mtu aliye kando yako. Mama yake alinieleza kwamba ikianza tu, kijana huamka na kutoka nje akasimama kwenye maji mpaka iishe. Ndani ya hema alikuwa haoni kinachokuja. Nje angalau anaona.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo nilipokosea, na sitaki mkosee kama mimi.

Wakati huo nilikuwa msaidizi wa vijana katika mradi mmoja, sitautaja. Tulikuwa na kikundi cha vijana kumi na wawili. Tulikuwa tumeelezwa, au labda mimi ndiye nilielewa hivyo, kwamba jambo likisemwa hupungua. Basi siku moja wakaja wageni wa kutoka mbali, na mkuu wangu akaomba mmoja wa vijana "ashirikishe" safari yake. Nikamchagua Fundi, kwa sababu alikuwa anajua kusema. Akasimama. Akaeleza. Alieleza mpaka akafika pale Kagunga, kwenye boti, kwenye kitu kilichompata mdogo wake, kisha akanyamaza na akaanza kutetemeka magoti. Wageni walilia. Mmoja alimkumbatia. Tukapiga picha. Tukanywa soda.

Fundi hakurudi kwenye kikundi kwa wiki tatu. Mama yake akaniambia sasa hata kiangazi halali.

Siku hizi najua yaliyoandikwa, na ninyi mtasomeshwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011, linataka mambo matatu tu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama yuko salama, ana njaa, ana ndugu. Sikiliza kama yeye anataka kusema. Muunganishe na anachohitaji. Hakuna mahali palipoandikwa "mwambie asimulie". Kumbana mtu akohoe yaliyompata siku za mwanzo hakumsaidii, na wengine kunawaumiza. Lakini sikuhitaji mwongozo. Bibi yangu angeniambia: mgonjwa haulizwi uji. Sisi tulimwuliza uji, tukamwuliza na kijiko, tukamwuliza na jiko lilivyowashwa, tukaandika majibu kwenye fomu, na uji wenyewe hatukumpa.

Nilikwenda kwao. Sikuwa na la kusema. Nikamwambia: mdogo wangu, umelalaje? Akasema salama. Nikakaa. Mama akatoa mahindi ya kuchoma. Nilipomaliza hindi langu nikamwuliza tena, umelalaje, na safari hii akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekamatwa. Akasema: "Dada, mimi silali mvua ikinyesha."

Hilo tu. Hakunieleza Kagunga, na sikumwuliza. Tulizungumza habari ya mvua.

Ikatokea kwamba kijana mwingine wa kikundi, Mkongo, aliyezaliwa pale pale kambini, naye halali usiku wa upepo, kwa sababu zake. Nyumba yao ni ya matofali mabichi yenye bati, hatua kama mia mbili kutoka kwa Fundi. Hawa wawili ndio waliobuni kitu ambacho mimi na mradi wangu na mabango yetu hatukukibuni. Wakakubaliana: mvua ikianza usiku, Fundi aende akagonge. Asisubiri mpaka awe amelowa. Agonge, mwenzake afungue, walale mkeka mmoja. Basi. Wakongo na Warundi wale, ambao mchana walikuwa wanagombea zamu ya bomba la maji, usiku wakawa wanafunguliana milango. Baada ya muda wengine wakajua, wakajiunga. Msichana mmoja akasema yeye hawezi kutoka usiku, kwa usalama wake na kwa maneno ya watu, kwa hiyo shangazi yake akakubali kuhamia kwake miezi ya mvua. Vijana wenyewe wakaupa jina: zamu ya mvua. Orodha ya nani anagonga kwa nani iko kichwani mwao, haijaandikwa popote, na nilipotaka kuiandika kwa ajili ya ripoti walinikatalia. Walikuwa na haki.

Sisemi Fundi alipona. Mpaka leo mvua ikianza anasimama. Ila anajua pa kwenda.

Mtanishuku kwamba namsifu mwanangu. Basi nitoke kambini kwetu niende kwa wenzetu waliopima mambo haya kwa hesabu.

Nakivale, kule Uganda, ni makazi ya wakimbizi ya miaka mingi. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika pale kwa wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, wote wamethibitika kuwa na kiwewe. Waliowatibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kazi hiyo. Katika waliopata tiba, karibu 7 kati ya 10 hawakuwa tena na ugonjwa ule walipopimwa baadaye. Katika waliofuatiliwa tu bila tiba, hawakufika 4 kati ya 10. Kwa hiyo hoja kwamba mkimbizi hawezi kumsaidia mkimbizi kwa sababu wote wameumia, ilishajibiwa muda mrefu.

Naona kijana pale ameinua kidole. Subiri, najua unachotaka kusema. Unataka kusema kwamba moja ya tiba zile za Nakivale ilikuwa ya kusimulia, na mimi nimetoka kuwakataza kuwasimulisha watu. Ni kweli. Lakini tazama inavyofanyika. Mtu anasimulia maisha yake yote, tangu kuzaliwa, si ile siku moja tu. Katika namna yake ya watoto, kamba inatandazwa chini, kila siku njema inawekewa ua, kila siku mbaya inawekewa jiwe, na kijana anaona mwenyewe kwamba kamba ina maua pia. Anasimulia kwa mtu mmoja, aliyefunzwa, mahali pa faragha, kwa vipindi kadhaa, na yule mtu anabaki naye mpaka mwisho. Hakuna kamera, hakuna soda. Tofauti kati ya hilo na nililomfanyia Fundi ni kama tofauti ya kupasuliwa na mganga mpasuaji na kuchomwa kisu sokoni. Vyote ni chuma kinaingia mwilini.

Na kuna njia nyingine niipendayo zaidi, naomba mniwie radhi kwa upendeleo. Ilianza Byumba, kaskazini mwa Rwanda, mwaka 2005, nayo wanaiita mvura nkuvure: niponye nikuponye. Watu kumi mpaka kumi na watano wa mtaa mmoja wanakutana mara moja kwa wiki, wiki 15. Wanapita hatua sita. Kwanza usalama. Kisha kuaminiana. Kisha kujaliana, kisha kuheshimiana, kisha mwelekeo mpya wa maisha. Na kumbukumbu ni ya mwisho! Wiki na wiki watu wanazungumza habari za ng'ombe na majirani na ada ya shule kabla hawajafika kwenye mambo mazito, na wengine hawayafikii, na ni sawa. Baadaye njia hiyo ilipelekwa kwa wakimbizi wa Kongo walioko Uganda na Rwanda. Sisi siku ile na wageni tulianzia hatua ya sita.

Nirudi kwenye kile kibali changu cha mfukoni. Harare kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda. Mgonjwa wake mmoja, msichana, alijiua, na mama yake alipoulizwa kwa nini hawakumleta hospitali alisema hawakuwa na nauli. Nauli ya basi. Daktari yule akaona kwamba kungoja watu wamfuate hospitalini ni kuwaacha wafe. Mwaka 2006 akaanza na kina bibi kumi na wanne wa kitongoji cha Mbare, akawafunza, akawaweka kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Ukija unakaa na bibi, mnatatua tatizo moja. Moja tu, siyo yote. Sasa fikirieni kambini. Kwetu hata nauli ukiwa nayo, unahitaji karatasi. Na mtaalamu wa akili akija, anakuja kwa gari la saa mbili asubuhi na kuondoka kwa gari la saa tisa alasiri. Usiku, ambao ndio wakati wenyewe wa ugonjwa huu, kambini wamebaki wakimbizi. Kwa hiyo jamii ikiongoza huduma hii siyo kwa sababu ni fasheni ya wafadhili. Ni kwa sababu saa nane za usiku hakuna mwingine.

Mbinu zenyewe si za siri. Hapa jirani, Dagoretti, Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii walifunzwa programu ya Shirika la Afya Duniani ya vipindi vitano, kimoja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja. Kupumua polepole. Kuchukua tatizo moja na kulikatakata vipande. Kurudia kufanya jambo dogo uliloliacha. Kurudi kwa watu uliowakwepa. Wanawake 421 waliingizwa katika utafiti huo, wengi wakiwa wamewahi kutendewa ukatili, na waliopitia vipindi vile walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mkitazama vizuri, mambo manne yale mama mwenye busara angeyafanya kwa mtoto wake. Tofauti ni kwamba mhudumu anayafanya kwa mpangilio, na anasimamiwa.

Hilo neno, anasimamiwa, lipigieni mstari, kwa sababu sasa naanza kuilaumu jamii yangu.

Jamii si malaika. Kambi haina siri. Ukikohoa zoni moja, zoni ya pili wanakuuliza umepata dawa. Msichana aliyebakwa akienda kuokota kuni hawezi kukaa kwenye duara la vijana akasema, na duara lisimwombe aseme. Tuna makabila yetu na kumbukumbu zetu, na kuna kijana wa Kibembe na kijana wa Kinyamulenge ambao kuwaweka mkeka mmoja kunataka hekima ya mwezi mzima. Tuna watu wa dini ambao maombi yao yamewashika vijana wengi wasianguke, nashuhudia, kwaya kambini imeokoa watu kuliko mradi wowote ninaoujua. Na tuna wengine ambao wamemlazimisha mgonjwa afunge siku saba bila kula, au wamemwita mchawi.

Halafu kuna kifafa. Hili halisemwi kwenye hotuba kwa sababu halilizi wageni. Takwimu zilizokusanywa katika kambi nyingi za wakimbizi duniani zinaonyesha kwamba katika waliofika kliniki kwa matatizo ya akili na neva, kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la kifafa. Kifafa! Mtoto anaanguka motoni, watu wanasema pepo la vita, mwingine aliyesoma kidogo anasema kiwewe, na kinachohitajika ni kidonge cha bei ndogo kila siku bila kukosa. Duara langu la vijana haliponyi kifafa. Haliponyi mtu anayesikia sauti. Halimtoshi kijana anayesema anataka kufa. Huyo hatuagani naye, tunatembea naye mpaka kliniki, hata kama ni usiku, hata kama mlinzi ananuna. Huduma hizi zinajengwa kama nyumba ya msonge: chini pana, juu kunachongoka. Chini kabisa ni chakula, maji na usalama. Juu yake familia na majirani. Juu yake wasaidizi waliofunzwa kama mimi. Na kwenye ncha ninyi, mliosomea. Nyumba isiyo na ncha inavuja. Msije mkatusifu sisi wa chini ili msilipwe kuja.

Na tukizungumza malipo, msaidizi wa jamii ambaye ni mkimbizi halipwi mshahara, anapewa posho ndogo. Anasikiliza mambo ambayo daktari akiyasikiliza anapewa likizo. Nimewaona wenzangu wakiacha kazi hii wakaenda kuuza karanga, na wakanenepa. Mwaka mmoja mimi mwenyewe nilikuwa nasikiliza watu mchana na kuwafokea wanangu usiku. Aliyenisaidia ni mwenzangu mmoja tuliyekuwa tunakutana kila Ijumaa nyuma ya bohari, tunaambiana yaliyotuelemea bila kutaja majina ya watu, kisha tunanyamaza, kisha tunaenda sokoni. Huo ndio usimamizi tuliojitengenezea. Mradi ukiwa na bajeti ya fulana na hauna bajeti ya Ijumaa ya wasaidizi, mimi huwa siuamini.

Sasa jambo la mwisho, nalo ni gumu kulisema kwa adabu nikiwa mgeni kwenye nchi iliyonipokea. Nitajitahidi. Tanzania imetupokea mara nyingi. Mwalimu Nyerere alipewa medali ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowasaidia wakimbizi, mwaka 1983 na aliistahili, na mwaka 2014 Warundi wa 1972 wapatao 162,000 walikuwa wamepewa uraia, jambo ambalo nchi tajiri hazijathubutu. Nasema nikiyajua hayo.

Mnatufunza tuwasaidie vijana wasahau vita. Lakini mkiwauliza vijana wenyewe kinachowakesha, nusu hawasemi vita. Wanasema kesho. Mkongo amesoma shule ya msingi na sekondari kwa Kifaransa, kwa mtaala wa Kongo, ndani ya Tanzania, amefaulu mtihani wa taifa wa nchi asiyoijua, na sasa ana cheti mkononi na uzio wa kilomita nne. Mrundi anasikia kila mwaka kwamba atarudishwa, au amerudishwa jirani yake, au orodha inaandikwa. Mwaka 2023 fedha za wafadhili zilipungua na mgao wa chakula ukashuka mpaka nusu ya kiwango. Nusu. Mimi nilikuwa kwenye duara siku ile habari ilipotangazwa, na mada yetu iliyopangwa ilikuwa kupumua polepole. Msichana mmoja akaniuliza bila kejeli yoyote: "Dada, hii ya kupumua, tunapumua kabla ya kula au baada?"

Nilifunga daftari. Siku ile tulihesabu. Kila mmoja akasema kwao wamebakiwa na unga wa siku ngapi, na tukapanga nani atakula kwa nani mpaka mgao unaofuata. Nadhani ilikuwa ni tiba nzuri kuliko zote nilizowahi kuendesha, ingawa kwenye ripoti ilisomeka "kipindi hakikufanyika".

Mnaokuja kufanya mazoezi kambini mwaka huu, nawaomba haya. Msije na maswali arobaini siku ya kwanza. Njooni na ratiba ya kurudi, na mrudi siku mliyosema, hata kama hamna kitu mkononi. Kijana aliyeachwa mara nyingi hahesabu zawadi, anahesabu siku. Mtafuteni msaidizi wa jamii kabla hamjamtafuta mwenyekiti. Jueni dawa za kifafa zinapatikana wapi na zimebaki ngapi. Mkiona duara la vijana linafanya kazi, msilihamishie kwenye ukumbi wenu. Na mkiulizwa na wageni kama kuna kijana anayeweza kusimulia, semeni hayupo. Mkiona aibu kusema uongo, waleteni kwangu niwaambie mimi.

Ah, na lile swali. Ukimwuliza mtu umelalaje, akasema salama, usiondoke. Kula hindi lako. Uliza tena.

Naona mawingu yameanza kukusanyika kule juu ya milima ya Kongo tangu saa sita, na upepo unavuma kuja huku. Kasulu mvua itafika usiku. Nimempigia mwanangu mkubwa asubuhi nikamwambia asifunge komeo la ndani, kwa sababu leo sipo, na kuna watu watatu wanaogonga kwetu. Sasa nipo tayari kwa maswali. Tuanze na yule kijana aliyekuwa ameinua kidole.